Mwanafunzi Aliyekuja Akakaa: Maisha ya Arkidikoni Johnson wa Ziwa Nyasa



Kiangazi kikifika na miwa ya Mtibwa ikianza kukatwa, hapa Turiani huwa pia ni majira ya wageni. Vijana wa vyuo vya ng'ambo huja kwa majuma mawili au matatu kututumikia kwa ajili ya Kristo. Hufundisha watoto nyimbo, hupaka rangi madarasa, hucheza mpira na vijana wetu, kisha hupiga picha chini ya milima ya Nguru na kurudi kwao. Tunawapokea kwa furaha, na furaha hiyo si ya uongo.

Lakini sisi tulio wazee tunakumbuka pia mwaka ule wageni walipojenga ukuta wa darasa. Fundi wetu na vibarua wake walikaa chini ya mwembe wakitazama, maana kazi yao ilikuwa imechukuliwa na watu ambao hawajawahi kushika mwiko wa uashi. Wageni walipoondoka, fundi alibomoa safu tatu za juu akazipanga upya. Kosa lilikuwa letu sisi wenyeji. Tulinyamaza kwa adabu, kwa kuwa hatukutaka kumwambia mgeni kwamba tunachohitaji si mikono yake bali kitu kingine.

Kitu hicho ni kipi? Tukilitafakari swali hilo, tumeona inafaa kuwakumbusha wasomaji maisha ya mwanafunzi mmoja wa zamani aliyekuja nchini mwetu kutumika. Safari yake ilichukua miaka 52.

William Percival Johnson alizaliwa Machi 1854 katika Isle of Wight, kisiwa kilichoko kusini mwa Uingereza. Alisoma Bedford, kisha akaingia University College katika Chuo Kikuu cha Oxford. Alikuwa na akili nyepesi ya lugha, akawa anajiandaa kwenda India kufanya kazi ya serikali, kazi yenye mshahara mnono na heshima kubwa kwa kijana wa siku zile.

Wakati huo vyuo vikuu vya Uingereza vilikuwa na misioni yao katika Afrika. Ilianza kwa hotuba ambayo Dokta David Livingstone aliwatolea watu wa Chuo Kikuu cha Cambridge tarehe 4 Desemba 1857. Vyuo vya Oxford, Cambridge, Durham na Dublin vikashikana kuunda chama cha UMCA. Askofu wao wa kwanza, Charles Mackenzie wa Cambridge, alifika nchi ya mto Shire mwaka 1861, akajiingiza katika mapigano na wafanyao biashara ya watumwa, akafa kwa homa Januari 1862. Mwaka 1864 misioni ikahamia Unguja. Askofu Edward Steere, yule aliyechapisha kitabu cha sarufi ya Kiswahili mwaka 1870, alipotoa wito kwa vijana wasomi, Johnson aliiacha India akaitikia. Pamoja naye aliitikia Chauncy Maples, rafiki yake wa chuo hichohicho.

Hapa tuseme jambo ambalo pengine vijana wetu hawalijui. Watumishi wa UMCA hawakupewa mshahara. Walipewa chakula na mahitaji machache tu. Mtu aliyekuwa na mke na watoto hakutazamiwa kuifanya kazi hiyo. Aliyejiunga alijua kwamba hataweka akiba.

Johnson alifika Unguja mwaka 1876, umri wake miaka 22. Mwaka huohuo watu wa chama kingine, CMS, walikuwa wakipita Mpwapwa kwenda Uganda, na kwa njia hiyo Injili ikafika pande zetu hizi za Morogoro. Yeye alielekezwa kusini. Askofu Steere alimchukua, pamoja na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakapanda kutoka Lindi. Nia ilikuwa kuwarudisha watu hao karibu na nchi zao za asili, lakini walipofika Masasi walipenda mahali pale, wakajenga. Askofu aliporudi Unguja, kijana aliyetoka chuo majuzi aliachiwa kijiji kizima.

Masasi ilikua, na Maples akaja kusaidia. Lakini Johnson hakutulia mahali palipokwisha kuwa na paa. Mwaka 1880 alikwenda Mwembe, mji wa Mataka, mfalme mkuu wa Wayao, akaishi huko kama mgeni wa mfalme na kujifunza lugha. Mwaka uliofuata msafara wa watumwa uliotoka pande zile ulinaswa pwani. Watu wakasema ni Mzungu huyu aliyepeleka habari. Nyumba yake iliporwa, ikambidi aondoke. Kazi ya mwaka mzima ilipotea.

Mtu mwingine angeirudia ile kazi ya India. Johnson akaelekea Ziwa Nyasa pamoja na padre Charles Janson. Walifika ziwani mwanzo wa mwaka 1882, lakini Janson aliugua akafa muda mfupi baada ya kuyaona maji yale. Johnson alimzika, akaendelea peke yake kutembea pwani ya ziwa, kijiji hata kijiji.

Akaona kwamba vijiji vya pwani haviwezi kuhudumiwa kwa miguu tu, maana safari ni ndefu na vita vya Wangoni vilikuwa vikali. Penye ziwa panahitaji chombo. Alirudi Uingereza mwaka 1884 akaomba fedha, akapata meli ndogo ya mvuke iliyopewa jina la Charles Janson. Meli hiyo ilisafirishwa vipande vipande kwa njia ya mito ya Zambezi na Shire, ikaundwa huko huko mwaka 1885. Lakini aliyeitafuta hakuifurahia mwanzo wake. Safarini alishikwa na ugonjwa wa macho, ikambidi arudishwe Uingereza. Jicho moja halikuona tena, na la pili lilibaki na nuru kidogo.

Alikuwa na miaka kama 31. Hakuna ambaye angemlaumu kama angebaki kwao. Yeye alirudi ziwani, na kwa nuru ile ndogo iliyobaki akafanya kazi ambayo wenye macho mawili hawajaifanya. Aliifasiri Biblia nzima katika Kinyanja, na pia Kitabu cha Sala. Sisi tuliosahihisha madaftari ya darasa la watu 60 kwa taa ya kandili tunajua macho yanavyouma hata yakiwa mazima.

Makao ya misioni yalikuwa kisiwa cha Likoma, lakini Johnson alipenda vijiji. Meli ilimshusha mahali, akatembea kwa miguu, akalala alipolazwa, akala alichopewa, kisha akapanda meli tena mbele ya safari. Katika kila kijiji alichoweza alianzisha shule chini ya mti au katika kibanda cha nyasi, na shule hiyo akamwachia mwalimu Mwafrika. Yeye alikuwa mpitaji. Mwalimu ndiye aliyekaa.

Mmoja wa watenda kazi hao alikuwa Augustine Ambali. Alikombolewa utumwani akiwa kijana, akasoma katika shule ya misioni Kiungani, Unguja, kisha akaenda ziwani katika miaka ya 1880 kufanya kazi pamoja na Johnson. Naye pia alikuwa mwanafunzi aliyeacha pwani aliyoizoea na kwenda kutumika katika nchi ngeni. Alipata upadre, akaandika na kitabu cha kumbukumbu zake. Mwingine ni Leonard Kamungu, mtoto wa ziwa lilelile, ambaye baada ya kuwa padre alikwenda Msoro, katika nchi iitwayo leo Zambia, akafa huko mwaka 1913. Basi tusidhani kwamba kutumwa ng'ambo ni kazi ya Wazungu peke yao.

Tarehe 2 Septemba 1895, Maples, aliyekuwa amewekwa wakfu kuwa Askofu wa Likoma miezi michache tu iliyopita, alizama ziwani katika dhoruba. Johnson alimpoteza rafiki wa ujana wake. Mwaka 1896 akafanywa Arkidikoni wa Nyasa. Kwa kumkumbuka Maples misioni ilileta meli kubwa zaidi, ikashushwa majini mwaka 1901. Ndani yake palikuwa na chumba cha kufundishia walimu. Naam, chuo cha ualimu kilichoelea! Sisi tuliosoma vyuo vya nchi kavu tunaona wivu kidogo.

Miaka yake ya uzeeni aliishi Liuli, pwani ya mashariki ya ziwa, iliyokuwa chini ya Wajerumani. Mwezi Agosti 1914, siku chache tu baada ya vita kutangazwa Ulaya, meli ya Waingereza iliipiga kwa mizinga meli ya Wajerumani iliyokuwa palepale Liuli. Wazungu waliokuja kufundisha amani sasa walipigana wao kwa wao mbele ya macho ya wanafunzi wao. Vita vilipokwisha kazi ilianza tena, na mzee akaendelea. Alifariki Oktoba 1928, umri wake miaka 74, akazikwa Liuli. Leo mahali hapo ni sehemu ya Dayosisi ya Ruvuma, na jina lake bado linatajwa kwa heshima.

Hatusemi kwamba alikuwa mtu asiye na kasoro. Alikuja katika wakati ambapo misioni na dola zilitembea karibu sana, na mengine yaliyofanywa na misioni yao, kama yale mapigano ya Askofu Mackenzie, hatuwezi kuyasifu. Wala hatusemi kwamba kila kijana anayekuja Turiani akae miaka 52. Wazazi wake wangetushitaki!

Lakini tukiwa walimu tunakumbuka mazoezi ya kufundisha tulipokuwa chuoni. Tulipelekwa shule fulani kwa majuma machache, tukiwa na maandalio ya somo yaliyoandikwa vizuri. Watoto walitupenda. Tulipoondoka walilia, na juma lililofuata wakaendelea na mwalimu wao wa siku zote, yule anayejua nani hakunywa uji asubuhi na nani amefiwa na baba. Tulipopangiwa shule yetu wenyewe ndipo tulipoelewa tofauti. Mazoezi hayo hayakuwa bure, ila sisi ndio tuliofundishwa zaidi ya watoto.

Kwa hiyo wageni watakapokuja tena, tunapendekeza mambo matatu kwa wazee wa kanisa. Kwanza, kila mgeni apewe mwenyeji wa kumfundisha Kiswahili tangu siku ya kwanza, walau asalimie wazee ipasavyo na kuomba maji mwenyewe. Johnson alianza na lugha, na lugha ndiyo iliyobaki alipokwisha kuondoka. Pili, penye fundi wetu mgeni awe msaidizi wake, abebe tofali na kuchota maji. Hakuna aibu katika hilo, na fundi atapata ujira wake. Tatu, sisi wenyeji tuseme kweli. Tukiulizwa tunahitaji nini, tusijibu kwa kumfurahisha mgeni.

Tena lipo la nne, nalo ni gumu zaidi. Vijana wetu walioko vyuoni Morogoro na kwingineko hurudi likizo wakakaa nyumbani. Je, nani amewauliza kama wangependa kwenda mwezi mmoja kufundisha kusoma katika kijiji kisicho na mwalimu wa kutosha, hata huko juu milimani? Ambali alitoka Unguja. Kamungu alivuka kwenda Msoro. Tusingoje ndege ilete watumishi ilhali wengine wamekaa hapa barazani.

Tunamshukuru Mungu kwa ajili ya mtumishi wake William, kwa ajili ya Augustine na Leonard, na kwa ajili ya walimu wengi wa vijijini ambao majina yao hayakuandikwa. Tunawaombea wageni wetu wa kiangazi hiki safari njema. Na yule fundi wetu tayari tumemwomba radhi.