Ganga Devi: mama wa kijijini aliyechora hadithi za Kihindu

Msikilizaji wetu, leo tunakuletea maisha ya mama mmoja wa India, Ganga Devi. Ni maisha ya mbali, lakini utaona yanatugusa.

Alizaliwa mwaka 1928 katika eneo la Mithila, jimbo la Bihar. Huko wanawake wamechora kwenye kuta za nyumba za udongo kwa vizazi vingi, mama akimfundisha binti. Harusi ikikaribia, chumba cha maharusi huchorwa mayungiyungi, mianzi, samaki na miungu ya Kihindu, ili ndoa ijaliwe watoto. Huchora pia hadithi ya Rama na mkewe Sita, ambaye kwa imani yao ni binti wa Mithila.

Ganga Devi alichora baraka hizo, ila yeye mwenyewe alikosa mtoto. Mumewe akaoa mke mwingine, naye akabaki bila tegemeo.

Mwaka 1966 na 1967 ukame mkali uliikumba Bihar. Sisi wa Mbulu na Hanang tunajua maana ya ghala tupu. Serikali ya India iliwapelekea wanawake karatasi ili wachore yale waliyozoea kuchora ukutani, kisha picha ziuzwe mijini. Hivyo ufundi wa nyumbani ukawa chakula.

Ganga Devi naye alipata riziki kwa karatasi. Alichora kwa mistari myembamba sana hadithi ya Rama, na pia maisha ya mwanamke wa kijijini tangu kuzaliwa. Mwaka 1984 serikali ilimpa nishani ya Padma Shri. Alifika hadi Marekani, na aliyoyaona huko akayachora kwa mtindo uleule wa kwao.

Baadaye alipata saratani. Akiwa kwenye matibabu, alichora chumba cha maharusi ndani ya jumba la makumbusho la sanaa za mikono, New Delhi. Alifariki mwaka 1991. Mwaka 2015, wakati wa ukarabati, michoro hiyo ya ukutani iliharibiwa.

Lakini Mithila bado wanachora, kwa sababu binti walifundishwa. Hapa kwetu wapo bibi wanaojua kunakshi sketi za ngozi kwa shanga. Tusiwaache waondoke na ufundi wao. Nenda ukakae na bibi yako, umwombe akuonyeshe.