Lavoisier na Mizani Yake

Katika wataalamu wa zamani, mimi nampenda zaidi Antoine Lavoisier, Mfaransa aliyezaliwa Paris mwaka 1743. Riziki yake ilitoka katika kukusanya kodi, lakini asubuhi na jioni alifanya majaribio ya kemia, naye mkewe, Marie-Anne, akimwandikia na kumchorea vyombo.

Tangu kale wenye elimu walishika kwamba maji ni kitu kisichogawanyika. Lavoisier alitumia mizani, na mwaka 1783 akaonyesha kuwa yamefanyika kwa hewa mbili, oksijeni na haidrojeni. Mwaka 1789 alitoa kitabu chenye orodha ya vitu 33 ambavyo hakuna aliyeweza kuvigawa. Humo alitia hata mwanga, joto na chokaa. Lakini alieleza kuwa hesabu hiyo ni ya muda tu, mpaka atokee wa kuvigawa.

Mapinduzi ya Ufaransa yalipowageukia watoza kodi, alikatwa kichwa tarehe 8 Mei 1794. Miaka 14 baadaye, Humphry Davy aliigawa chokaa kwa umeme, akapata kalsiamu.

Ndugu wasomaji, orodha ile ilikuwa na makosa, lakini mwenyewe aliwaachia wengine njia ya kuisahihisha. Kwa hiyo namheshimu.