Byeon Sang-byeok, mchoraji wa paka na kuku

Leo tunamkumbuka Byeon Sang-byeok, mchoraji wa Korea katika karne ya 18. Alikuwa mtumishi wa Dohwaseo, ofisi ya wachoraji ya ufalme wa Joseon. Watu walimpa jina la Byeon Paka, kwa ustadi wake wa kumchora mnyama huyo.

Katika picha yake moja, paka amepanda mti na kugeuka kumtazama mwenzake aliye chini, huku shomoro wakiwa kwenye matawi. Katika nyingine, kuku mama ameshika nyuki mdomoni, na vifaranga wamemzunguka.

Tungeweza kuiona kazi hiyo kuwa ndogo. Lakini mwaka 1763, na tena mwaka 1773, alikuwa kati ya walioitwa kuchora sura ya Mfalme Yeongjo. Jicho lisilodharau kifaranga liliaminiwa kuutazama uso wa mfalme.

Sisi tunaofanya kazi zisizotajwa tujifunze kwake. Ufalme wa Joseon umepita. Kuku yule angali analisha watoto wake katika Makumbusho ya Taifa ya Korea, mjini Seoul.