Linus Yale, mchoraji aliyezifungua kufuli za wengine

Giza likiingia Bukavu, toka Bagira mpaka Panzi, watu wanafanya jambo moja: mlango wa chuma unafungwa, ufunguo unazungushwa mara mbili, halafu mwenye nyumba anausukuma mlango kwa mkono kuona kama kweli umeshika. Ule ufunguo mdogo bapa, wenye meno upande mmoja, unatokana na kazi ya Linus Yale, Mmarekani aliyezaliwa Salisbury, jimbo la New York, mwaka 1821.

Baba yake, naye Linus Yale, alikuwa fundi wa kufuli za benki. Lakini kijana alipenda kuchora sura za watu, na ni karibu na mwaka 1850 ndipo aliingia katika kazi ya baba.

Alianza na kazi ya ajabu kidogo: kuzifungua kufuli za mafundi wengine bila ufunguo wao. Mwaka 1851, Mmarekani mwingine, Alfred Hobbs, alikuwa ameshangaza London kwa kufungua kufuli zilizosifiwa kwamba hazifunguki. Yale naye akaifungua ile ambayo Hobbs alikuwa anajivunia. Kwa benki akaona kwamba tundu la ufunguo lenyewe ni njia ya mwizi, ju linapitisha chombo na hata baruti. Basi kwenye masanduku ya pesa akaondoa ufunguo, akaweka gurudumu la namba.

Kwa nyumba za watu alirudi kwenye ufundi wa zamani sana, ambao Wamisri waliujua kwa vijiti vya mbao: pini. Kila pini imekatwa vipande viwili, na springi inaisukuma chini. Ufunguo wa kweli unainua kila pini mpaka mkato wake ufike usawa wa silinda, na silinda inazunguka. Pini moja ikipita ao ikipungua kidogo, hakuna kinachosogea. Hati za uvumbuzi alizipata mwaka 1861 na 1865. Mbele ya hapo, mlango mnene ulidai ufunguo mrefu na mzito. Sasa silinda ilitengwa na komeo, na ufunguo ukabaki mdogo hata mlango uwe mnene namna gani.

Kule kutenganisha ndiko kunakomsaidia mkaaji wa Bukavu leo. Mpangaji akihama na ufunguo, ao ukipotea sokoni Kadutu, kwenye serire nyingi za aina hii silinda peke yake inabadilishwa, komeo linabaki. Lakini fundi wa vyuma aulizwe mapema silinda itatokeza nje kiasi gani, kwani ikitokeza sana inashikwa na koleo na kuvunjwa. Komeo nalo liingie ndani kabisa ya fremu, na fremu ishikwe vizuri na ukuta. Kadena inayoning'inia nje inakatwa haraka, tena inamwambia kila mpita njia kwamba nyumbani hakuna mtu.

Kuna pia moto. Katika mitaa yenye nyumba zilizobanana, mlango unaofunguliwa kwa ufunguo toka ndani unaweza kuwafungia watoto ndani ya moshi, wakati mama anatafuta ufunguo gizani. Kwa mlango wa chuma usio na kioo wala nafasi ya kupitisha mkono, serire yenye kishikio cha kuzungusha kwa ndani ni afadhali. Kama mlango una vioo ao nondo zilizoachana, mwizi atakifikia kile kishikio, na hapo ufunguo unabaki lazima, ukae mahali pamoja kila usiku, panapojulikana na wote wa nyumba.

Mwaka 1868 Yale aliungana na Henry Towne kufungua kiwanda Stamford, Connecticut. Miezi michache tu baadaye, siku ya Noeli, Yale alikufa ghafla New York, akiwa na miaka 47. Towne aliiendesha kazi, na funguo ndogo zikaenea dunia nzima.