Daudi Kabaka: Mfalme wa twisti aliyeitikisa Uingereza akiwa Nairobi

MWAKA wa 1968, vijana wa Uingereza walikuwa wakicheza dansi kwa kiitikio ambacho hakikuwa cha Kiingereza. Wimbo huo, Helule Helule, uliimbwa na kundi la The Tremeloes na ukapanda hadi nafasi ya 14 katika orodha ya nyimbo zilizovuma nchini humo. Wengi waliouchezea hawakujua kwamba aliyeutunga alikuwa Mkenya, na kwamba ulikuwa umekwisha kuvuma Afrika Mashariki.

Mtunzi huyo ni marehemu Daudi Kabaka, ambaye mashabiki walimtawaza mfalme wa twisti.

Kabaka alizaliwa mwaka wa 1939 Kyambogo, Uganda, wazazi wake wakiwa Wakenya wa jamii ya Waluhya. Nyota yake ya muziki, hata hivyo, iling'aa Nairobi, katika studio ya Equator Sound iliyosimamiwa na Mwingereza Charles Worrod. Hapo alikutana na vipaji ambavyo ni vigumu kuvipata tena chini ya paa moja: Fadhili William aliyeipatia Malaika umaarufu, Gabriel Omolo, pamoja na Wazambia wawili, Nashil Pichen Kazembe na Peter Tsotsi.

Ulikuwa wakati wa gitaa la umeme duniani kote. Mwaka wa 1960, Mmarekani Chubby Checker aliwafanya vijana wakate viuno kwa twisti. Mwaka wa 1962, huko California, Dick Dale aliichukua Misirlou, tuni ya zamani kutoka mashariki mwa Bahari ya Mediterania, akaipiga kwa kasi hata ikawa kielelezo cha roki ya wachezao na mawimbi.

Kabaka na wenzake hawakuridhika kuwa waigaji tu. Twisti yao waliichanganya na mahadhi ya kwela kutoka kusini mwa Afrika, wakaiimba kwa Kiswahili chepesi ambacho mpishi, karani na mwanafunzi walikielewa sawasawa. Mtindo huo ukaitwa twisti ya Kiafrika.

Nyimbo zake ziligusa maisha ya kila siku. Msichana wa Elimu ulimhusu binti aliyesoma, wakati ambapo elimu ya wasichana ilikuwa ikibadilisha mambo mengi nyumbani na katika mapenzi. Harambee Harambee ulibeba wito wa taifa lililojipatia uhuru Desemba 12, 1963, na kwa miaka mingi ulisikika katika redio ya taifa kiasi cha kuwa sehemu ya masikio ya Wakenya.

Safari ya Helule Helule hadi Ulaya ilimletea mtunzi sifa, lakini pia inafichua udhaifu wa biashara ya muziki ya siku hizo. Tuni ya msanii wa Nairobi iliweza kuvuka bahari na kuingia katika kila ukumbi, huku yeye mwenyewe akibaki asiyefahamika huko. The Tremeloes walikuwa na jukwaa, televisheni na kampuni kubwa nyuma yao. Kabaka alikuwa na gitaa na sauti.

Baada ya kuondoka Equator, Kabaka aliungana na Nashil Pichen na Peter Tsotsi katika African Eagles. Ulikuwa ujasiri wa wasanii waliotaka kuendesha wenyewe kazi yao. Lakini ladha ya wasikilizaji ilikuwa inageuka. Benga na rumba ya Kongo zilitawala miaka ya 1970, na twisti ikarudi nyuma polepole.

Mwaka wa 2001 ulikuwa wa huzuni kwa muziki wa Kenya. Fadhili William alifariki mwezi wa Februari; Kabaka akamfuata Novemba 26. Katika muda usiotimia mwaka mmoja, nguzo mbili za Equator zilikuwa zimeanguka.

Wazee wa Kongo, Kawangware, au wa Kibera, waliokuwa vijana enzi hizo, hawahitaji kuelezwa Kabaka alikuwa nani. Wanaohitaji ni wajukuu wao. Mrithi wa kwanza wa nyimbo hizo ni wao, na ni vyema wajue kwamba kabla ya vibao vya ng'ambo kuja kwao, kimoja chao kilikwisha kwenda ng'ambo.