Mtakatifu Alberto Mkuu: Mwalimu Aliyerudi Kuketi Darasani

Tarehe 15 Novemba Mama Kanisa humwadhimisha Mtakatifu Alberto Mkuu, Askofu na Mwalimu wa Kanisa. Waamini wengi wanamfahamu kama mtakatifu msimamizi wa wanasayansi, na wengine kama mwalimu wa Mtakatifu Thoma wa Akwino. Upande wa maisha yake unaotajwa kwa nadra ni kazi yenyewe ya kufundisha: jinsi alivyomlea mwanafunzi, na jinsi alivyowadai walimu wenzake waendelee kujifunza. Katika parokia zetu wapo wahadhiri na wasimamizi wa tasnifu, na wapo wazazi ambao watoto wao wamo mikononi mwa watu hao. Habari hii yawahusu wote.

Alberto alizaliwa Lauingen, mji mdogo kando ya mto Danube kusini mwa Ujerumani, yapata mwaka 1200. Alipokuwa kijana alikwenda kusoma Padua, nchini Italia. Huko alimsikia Mwenyeheri Jordan wa Saxony, mrithi wa Mtakatifu Dominiko, ambaye mahubiri yake yaliwavuta wanafunzi wengi wa vyuo, naye akajiunga na Shirika la Wahubiri. Baadaye alifundisha katika nyumba za shirika huko Hildesheim, Freiburg, Regensburg na Strasbourg. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1240, wakubwa wake walimtuma Paris ili apate shahada ya juu ya teolojia. Mtu wa makamo, aliyekwisha kufundisha katika nyumba nne, alirudi kuwa mwanafunzi. Mwaka 1245 alitunukiwa cheo cha ualimu wa teolojia, akashika kiti cha kufundishia katika chuo kikuu kilichosifika kuliko vyote katika Ulaya ya wakati ule.

Zamani hizo vitabu vya mwanafalsafa Myunani Aristotle, pamoja na maelezo ya wataalamu wa Kiislamu, vilikuwa vimeanza kusomwa katika Kilatini. Mafundisho yake juu ya maumbile yalikuwa yamepigwa marufuku Paris mwaka 1210 na tena 1215. Ndugu zake katika shirika walimwomba Alberto awafafanulie vitabu hivyo, kwa kuwa walivisoma bila kuvielewa. Alikubali, na kazi hiyo ikamchukua miaka ishirini hivi. Walikuwapo pia ndugu waliopinga falsafa isisomwe kabisa. Kwa hao alikuwa mkali, akiwaona kuwa watu wanaolaani wasichokijua.

Hata hivyo hakumfuata Aristotle wala mwingine yeyote kwa upofu. Aliposoma kwamba mbuni humeza chuma na kukisaga tumboni, aliwapa mbuni chuma mara kadhaa, nao wakakikataa. Akaandika alichokiona. Aliingia migodini kutazama madini kwa macho yake, akawauliza wavuvi na wawindaji yale ambayo vitabu havikuyasema. Tendo la mbuni laweza kutuchekesha, lakini tufikirie wanafunzi walioketi mbele ya mwalimu wa namna hiyo. Walimwona mtu mwenye sifa kubwa akikubali kwamba jambo lililoandikwa na wakubwa laweza kupimwa upya.

Mwaka 1248 shirika lilimtuma Cologne aanzishe nyumba kuu ya masomo, miaka 140 kabla ya chuo kikuu cha mji huo kuanzishwa. Miongoni mwa wanafunzi waliokuwa chini yake alikuwamo kijana kutoka Italia, mnene, mpole, asiyependa kusema. Wenzake walimdhania mzito wa akili, wakampa jina la ng'ombe bubu. Walioandika maisha ya Thoma wanasimulia kwamba mwanafunzi mmoja alimhurumia, akajitolea kumrudishia somo la siku ile. Katikati ya maelezo yule msaidizi alikwama. Thoma akaendelea na somo kwa utaratibu, na hata akaongeza yale ambayo mwalimu hakuyagusa. Siku nyingine karatasi zake zilifika mikononi mwa Alberto. Mwalimu akaamuru kijana huyo ajibu swali gumu katika mdahalo wa kesho yake.

Hapa yafaa tusimame kidogo. Alberto angeweza kumsifu pembeni, na jambo likaishia hapo. Badala yake alimpa kazi mbele ya wote, tena kazi ngumu, kisha akazidisha hoja za kumpinga. Thoma alipozijibu zote, Alberto aliwaambia waliokuwapo kwamba huyo waliyemwita ng'ombe bubu, siku moja mngurumo wake ungesikika duniani kote. Ni wepesi kumtambua mwanafunzi anayeinua mkono kila mara. Msimamizi huyu alimtambua asiyeinua mkono, na alimtambua kwa kusoma alichoandika.

Mwaka 1252 mkuu wa shirika, Johannes wa Wildeshausen, alitafuta mtu wa kwenda kufundisha Paris, na Alberto akampendekeza Thoma. Kijana alikuwa na umri wa miaka 27 hivi, chini ya umri uliozoeleka kwa nafasi hiyo, na mkuu akasita. Alberto hakuacha, akaeleza kwa barua juu ya elimu ya kijana na mwenendo wake, na Kardinali Hugh wa Saint-Cher akaunga mkono. Thoma akaenda. Anayesimamia wanafunzi hodari anajua ugumu wa jambo hilo. Alberto alikuwa akimtoa msaidizi wake bora, mtu aliyeandika na kupanga mihadhara yake, ampeleke kwenye kiti kilichompa yeye mwenyewe jina.

Miaka miwili baadaye alichaguliwa kuwa mkuu wa kanda ya Ujerumani, akazitembelea nyumba zake kwa miguu, kama sheria ya shirika ilivyotaka. Katika safari hizo aliona hali halisi ya masomo: nyumba zisizo na mwalimu, na walimu waliobebeshwa shughuli nyingine hadi kazi ya darasani ikawa ya mwisho. Alichokiona tunaweza kukisoma katika maamuzi ya mwaka 1259. Mwezi Juni wa mwaka huo mkutano mkuu wa shirika ulifanyika Valenciennes, na watu watano wakapewa kazi ya kupanga masomo ya shirika zima. Mmoja alikuwa Alberto. Mwingine alikuwa Thoma. Mwalimu na mwanafunzi wake wa jana wakaketi meza moja wakiwa sawa, pamoja na Petro wa Tarentaise ambaye baadaye alikuwa Papa Innocent V.

Waliamua kwamba mwalimu asipewe kazi itakayomwondoa darasani. Wakuu wa kanda watafute kila mwaka vijana wanaofaa kwa masomo, wasingoje wajitokeze wenyewe. Waliotembelea nyumba waulize kila mwalimu amefundisha kiasi gani kwa mwaka, na ameendesha midahalo mingapi. Katika nyumba kuu za masomo mwalimu awe na msaidizi, ambaye hivyo atajifunza kazi akiwa kando yake. Mwanafunzi aje darasani na kitabu kinachosomwa siku hiyo ikiwa anacho. Kisha kuna agizo ambalo, kwa maoni yetu, lina uzito kuliko mengine: walimu wasio na zamu ya kufundisha wahudhurie mihadhara, na hasa midahalo, na wakuu wa nyumba nao wafanye hivyo kila wapatapo nafasi, kama ndugu wengine.

Yaani mkuu wa nyumba akae benchi moja na mnovisi wa jana. Katika mihadhara ya namna hiyo si rahisi kujificha nyuma ya cheo. Na agizo hilo halikutoka kwa mtu aliyekaa mbali na benchi. Lilitoka kwa mtu aliyelirudia benchi Paris, akiwa amekwisha kuitwa mwalimu.

Mwaka 1260 Papa Alexander IV alimteua kuwa Askofu wa Regensburg. Mkuu wa shirika, Humbert wa Romans, alimsihi akatae, lakini Alberto alitii. Alikuta hazina tupu, akaweka mambo sawa, na baada ya miaka miwili hivi akaomba kujiuzulu, akakubaliwa. Inasimuliwa kwamba watu walimtania kwa viatu vyake vizito vya safari, kwa kuwa aliendelea kutembea kwa miguu. Baadaye alifundisha Würzburg na Strasbourg, na mwishowe akarudi Cologne.

Tarehe 7 Machi 1274 Thoma alifariki Fossanova, akiwa njiani kwenda kwenye Mtaguso wa Lyon. Mapokeo ya shirika yanasema kwamba tangu hapo Alberto alitokwa na machozi kila jina la Thoma lilipotajwa, hata wenzake wakadhani ni udhaifu wa uzee. Miaka mitatu baadaye, siku ileile ya mwezi, Askofu wa Paris alilaani hoja 219 zilizokuwa zikifundishwa chuoni, na baadhi zilikaribiana na mafundisho ya Thoma. Inasimuliwa kwamba mzee huyu, mwenye umri wa karibu miaka 80, alifunga safari hadi Paris kumtetea mwanafunzi wake. Wapo wanahistoria wanaoitilia shaka safari hiyo. Hawana shaka kwamba alimpenda na kumheshimu.

Katika siku zake za mwisho kumbukumbu ilimwishia, yeye aliyeishi kwa kukumbuka. Alikuwa ameandika wosia, akaviachia vitabu vyake maktaba ya nyumba ya Cologne. Alifariki huko tarehe 15 Novemba 1280, na mwili wake unalala katika kanisa la Mtakatifu Andrea. Papa Pius XI alimtangaza mtakatifu na Mwalimu wa Kanisa mwaka 1931. Miaka kumi baadaye Papa Pius XII akamfanya msimamizi wa wanaosoma sayansi za maumbile.

Mihadhara aliyoitoa Cologne juu ya vitabu vya Dionisi Mwareopago imehifadhiwa katika maktaba ya taifa mjini Naples. Mwandiko ni wa Thoma: wa haraka, wa kufupisha maneno, mgumu hata kwa wataalamu kuusoma.