Idi ya Mgeni: Khabari za Sheikh Ibn Battuta

Bismillahi Rahmani Rahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya haya: hizi ni khabari za Sheikh Abu Abdillahi Muhammad bin Abdillahi, ajulikanaye kwa jina la Ibn Battuta, ambaye Idi nyingi za umri wake zilimkuta ugenini. Zimeandikwa kwa ajili ya kila Mwislamu amalizaye Ramadhani mbali na kwao, na khasa kwa ajili ya mwenye mji, ambaye siku ya Idi huona mgeni katika safu ya sala asijue ni nani.

Alizaliwa katika mji wa Tanja, nchi ya Maghribi, tarehe 17 Rajab mwaka 703 wa Hijra, yaani mwaka 1304, katika jamaa ya makadhi. Akasoma fiqhi ya Imamu Malik, kama ilivyo desturi ya watu wa nchi ile. Tarehe 2 Rajab 725, mwezi wa Juni 1325, alitoka kwao peke yake, hana rafiki wala msafara, nia yake kuhiji Makka na kuzuru kaburi la Mtume (s.a.w.). Alikuwa kijana wa miaka 21. Baba na mama yake walikuwa hai, na kuachana nao kulimtia uchungu yeye na wao pia.

Njiani alishikwa na homa kali. Hakutaka kubaki nyuma, akajifunga kwa kilemba chake juu ya tandiko la mnyama asije akaanguka, akaendelea na safari. Hata walipofika Tunis, watu wa mji wakatoka kuwapokea wasafiri. Huyu akamwamkia yule, na yule akamkumbatia huyu. Yeye hakuamkiwa na mtu, kwa kuwa hakuna aliyemjua. Moyo ukamjaa, machozi yakamtoka mbele za watu. Mmoja katika mahujaji akaiona hali yake, akamkaribia, akamtolea salamu na kumliwaza kwa maneno mazuri mpaka walipoingia mjini. Mtu huyo hakutoa dinari wala nguo; alitoa salamu tu, nayo ilikumbukwa miaka 30 baadaye na kuandikwa kitabuni.

Idi ya Mfungo Mosi ikamkuta mumo humo Tunis. Watu walitoka kwenda uwanja wa sala wamevaa nguo zao za fakhari, na Sultani Abu Yahya akaja amepanda farasi, jamaa zake na watu wa daula wakienda kwa miguu. Sala ikasaliwa, khutba ikasomwa, kila mtu akarudi nyumbani kwake. Baada ya siku chache msafara wa Hijazi ukakusanyika, na yule kijana aliyelia mlangoni mwa mji akafanywa kadhi wa msafara.

Tangu hapo hakukaa. Alihiji, akashuka Yemen, na mwaka 1331 akafika pwani yetu ya Afrika: Mogadishu, kisha Mombasa alipolala usiku mmoja, kisha Kilwa. Watu wa Mombasa aliwasifu kwa dini na wema, wafuasi wa Imamu Shafi'i, wenye misikiti ya mbao iliyojengwa vizuri. Na Kilwa alimkuta Sultani Hasan bin Sulayman, aliyeitwa Abul Mawahib kwa wingi wa vipawa vyake, ambaye fakiri wa Kiyemeni alimwomba nguo alizovaa naye akazivua akampa.

Katika nchi ya Anatolia Idi ilimkuta mji wa Ladhiq. Huko mafundi wa kila kazi walitoka na bendera zao, na ngoma na tarumbeta, wakishindana kwa mapambo. Kila kundi lilileta ng'ombe na kondoo na mizigo ya mikate. Wakaanza makaburini, wakachinja huko, wakaitoa nyama sadaka pamoja na mikate, kisha ndipo wakaenda kusali. Baada ya sala sultani aliandalisha chakula nyumbani kwake: meza ya wanavyuoni na masheikh na vijana wa udugu, na meza nyingine ya mafakiri na masikini. Siku ile hapakurudishwa mtu mlangoni pake, tajiri wala masikini.

Akaenda Bara Hindi, akawa kadhi wa Delhi. Akapita visiwa vya Maldives, akawa kadhi huko pia, na mwaka 1344 akasali Idi yao. Waziri alikwenda uwanjani kwa miguu juu ya nguo zilizotandikwa njiani, na wenye nyumba walikuwa wamepanda minazi midogo, mipopoo na migomba mbele ya milango yao, wakafunga kamba toka mti hata mti na kutungika madafu.

Lakini safari ina deni lake. Mwaka 1348, alipokuwa Dameski, aliambiwa kwamba baba yake amekufa tangu miaka 15. Mwaka 1349, akiwa karibu na kwao, akapewa khabari kwamba mama yake naye amekufa kwa tauni. Idi zote hizo alizokula na wafalme, hata moja hakuila tena na wazee wake.

Safari yake kubwa ya mwisho ilikuwa Mali, nchi ya dhahabu, mwaka 1352. Mfalme Mansa Sulayman hakumpa ila mikate mitatu, kipande cha nyama ya ng'ombe na kibuyu cha maziwa ya mgando. Ibn Battuta, aliyekuwa akingoja mavazi na mali, akacheka. Ramadhani ilipoingia, akamwambia mfalme wazi kwamba amekaa nchini mwake bila ya kupata heshima ya mgeni, na kwamba atakosa la kumsifia mbele ya masultani wengine. Mfalme akaamuru apewe nyumba na masurufu, na usiku wa 27 Ramadhani, kadhi na wanavyuoni walipogawiwa mali ya zaka, yeye naye akapewa mithkali 33 na theluthi za dhahabu.

Siku ya Idi watu wa Mali walitoka wamevaa nguo nyeupe safi, mfalme amepanda, mbele yake bendera nyekundu za hariri, na watu wakileta tahlili na takbiri. Baada ya khutba khatibu alikaa mbele ya mfalme akasema maneno mengi, na mtu mwenye mkuki akawafasiria watu kwa lugha yao. Yako aliyoyachukia katika desturi za nchi ile, na hakuyaficha. Lakini aliwasifu kwa uadilifu, na kwa amani ya njia zao, na kwa kuhifadhisha watoto Kurani. Siku ya Idi yenyewe aliingia kwa kadhi akawakuta wanawe wamefungwa pingu. Akawaombea wafunguliwe, akajibiwa kwamba hawafunguliwi mpaka wahifadhi.

Alirudi Maghribi, na kwa amri ya Sultani Abu Inan khabari zake zikaandikwa na Ibn Juzayy, zikakamilika mwezi wa Disemba 1355. Akamaliza umri wake katika ukadhi, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Basi tazama, ewe ndugu. Leo Mwislamu wa pwani hukutwa na Idi Isaka, mkoa wa Shinyanga, katika reli ya Tabora na Mwanza, palipowekwa bandari ya nchi kavu kwa mizigo iendayo Rwanda na Burundi. Au hukutwa machimboni Geita, ambako kuna dhahabu kama Mali. Huyo na ajue kuwa sala ya Idi ni sunna kwake ingawa ni msafiri, na kwamba zaka yake ya fitri humwajibikia hapo lilipomchwea jua la siku ya mwisho ya Ramadhani, na masikini wa hapo ndio wenye haki nayo. Na mwenye mji, akimwona mtu asiyemjua amekunja msala wake na hana wa kupeana naye mkono, asimwache aondoke hivi hivi. Na aanze kwa salamu, kisha amkaribishe nyumbani.

Wallahu aalam. Wa sallallahu ala Sayyidina Muhammad wa ala alihi wa sahbihi wa sallam.